Plaiwudi ya zege: achana na uso, angalia ubavu

Mara ya kwanza kusimamia slabu yangu mwenyewe nilinunua plaiwudi ya boksi la kushikilia zege bichi kama mtu anayechagua kabati la sebuleni, nikachukua ile inayong'aa kuliko zote. Nyeusi tii, unajiona sura, imegongwa muhuri 18mm na bei yake iko chini kidogo ya zingine, basi nikajiona mjanja. Mwago wa kwanza ukapita. Mwago wa pili tunafungua pembeni mwa bimu tunakuta imetoa tumbo kama sentimita mbili hivi, na plaiwudi yenyewe imeachia kurasa kurasa kama daftari lililonyeshewa. Mzee aliyekuwa fundi wangu hakusema kitu, alinitazama tu akanikabidhi tindo. Siku mbili nzima nagonga tumbo la bimu likiwa juu ya kichwa, vumbi lote la machoni ni langu, na hapo ndo nilipoanza kusoma plaiwudi kwa umakini.

Ule weusi kwanza tuumalize. Ile ni filamu, yaani karatasi iliyoloweshwa resini, ile gundi inayoganda ikawa ngumu, ikagandamizwa kwa joto juu ya ubao, kazi yake ni kuzuia maji ya zege yasinyonywe na mbao na kufanya ubao ubanduke bila kung'ang'ania. Basi. Haikwambii lolote kuhusu gundi iliyoko ndani wala mbao iliyoko ndani, na ndani ndo kwenye mambo yote. Hata filamu zenyewe hazilingani, kuna ya gramu 120 kwa mita ya mraba na kuna ya 220, kwa macho huwezi kuzitofautisha ila ya 220 inavumilia buti na koleo muda mrefu zaidi, kwahiyo uliza.

Gundi sasa. Kuna ya yurea, hii ni ya makabati na vitanda, ikilowa imekwisha. Kuna ya melamini, inavumilia unyevu kiasi. Afu kuna ya finoli, hii ndo ya zege, wenye viwanda makini wanaipima kwa kuichemsha mpaka masaa 72 na bado matabaka yanatakiwa yashikane. Watu watakwambia angalia mstari wa gundi ubavuni, ukiwa mweusi ni finoli. Mi nilishaamini hivyo, kumbe gundi ya yurea inaweza kutiwa rangi ikawa nyeusi vilevile, kwahiyo siku hizi siamini mstari naamini sufuria. Nanunua ubao mmoja tu kwanza, nakata vipande vitatu vya ukubwa wa kiganja, kimoja kutoka katikati na viwili pembeni, nachemsha masaa manne, naacha vipoe, halafu naingiza ncha ya kisu kati ya tabaka na tabaka. Ikifunguka kirahisi au imevimba ikatoa mapovu ubavuni, sirudi kununua zingine. Sio kipimo cha maabara najua, lakini mbaya inajitaja yenyewe, mara nyingi hata lisaa halifiki.

Ubavuni usiishie kwenye gundi. Hesabu matabaka, unene uleule ukiwa na matabaka mengi membamba ni bora kuliko wenye machache manene. Tafuta matundu, sehemu ambayo tabaka la ndani halikukutana na mwenzake likaacha upenyo, hapo ndipo msumari utapita bila kushika na ndipo zege litakapoubonyeza ubao. Tatizo wengi wanapaka rangi nzito ubavuni, rangi ni nzuri inazuia maji ila inaficha pia, ndo maana nasema ukate. Na ubao ulale chini ugonge kwa kifundo cha kidole ukitembea nao, sauti ikibadilika ghafla ikawa kama debe tupu, pana tundu.

Uzito nao unasema. Ubao wa futi 4 kwa 8 wa 18mm ukiwa wa bachi, ule mti wa nchi za baridi kama Ufini na Urusi, unakaribia kilo 36, wa popla unaweza kuwa chini ya 30, wa mkaratusi unakuwa mzito pia. Sisemi popla ni mbaya! Ya popla yenye gundi nzuri inafanya kazi safi tu, ila usitegemee ikupe mizunguko sawa na bachi, ya popla ukiitunza utapata kama mara 5 mpaka 8 hivi na ya bachi inapita 15 bila shida. Kwahiyo hesabu yangu siku zote ni bei gawanya kwa mizunguko. Ukiwa unamwaga slabu moja tu ya nyumba yako halafu basi, kununua ubao wa kumwagia mara 20 ni kumtajirisha muuzaji. Ila kama una ghorofa nne zinazofanana kwenda juu, ile "ghali" ndo rahisi.

Unene, pima mwenyewe. Muhuri unasema 18 ukipima unakuta 16 na kitu, na kinachouma zaidi kuliko wembamba ni kuchanganya, ubao huu 18 wa jirani 16, ukifungua chini ya slabu unakuta ngazi ngazi kila kwenye kiungo. Watu wanauchukulia huo upungufu kirahisi kwasababu ni milimita mbili tu, lakini ugumu wa ubao unaenda kwa unene kwa unene kwa unene. Mfano linganisha wa 18 na wa 12: 18 gawanya kwa 12 unapata 1.5, halafu 1.5 kwa 1.5 kwa 1.5 unapata karibu 3.4. Ubao wa 18 ni mgumu zaidi ya mara tatu kuliko wa 12 wa mbao hiyohiyo.

Na hapa niseme kitu ambacho kilinichukua miaka, hata lile tumbo langu la kwanza sio gundi peke yake ilinipiga, mbao za nyuma, zile zinazoibeba plaiwudi, pia nilikuwa nimeziachia nafasi kubwa mno kati ya moja na nyingine. Kubonyea kunaenda kwa umbali kati ya mbao na mbao uliozidishwa wenyewe kwa wenyewe, unauandika mara nne, ukitoa nafasi kutoka sentimita 40 kwenda 60 ubao unabonyea mara tano. Tano! Kwahiyo plaiwudi ya kawaida yenye mbao za karibu inaishinda plaiwudi ya kifahari iliyoachwa ining'inie. Zege ni kama kilo 2400 kwa mita moja ya ujazo, slabu ya sentimita 15 peke yake ni kilo 360 kila mita ya mraba kabla hujaweka watu na toroli juu yake. Mimi kwa slabu ya hivyo na ubao wa 18 naweka mbao kila sentimita 40, wa 12 sivuki 30. Nguzo ni habari nyingine, ukiijaza mita 3 kwa mkupuo zege likiwa bado uji, kule chini linasukuma kama tani 7 kwa mita ya mraba, boksi la nguzo usilifunge kwa mazoea, muulize injinia wako au jaza taratibu kwa awamu.

Halafu mwelekeo wa nyuzi, hili mafundi wengi wanalipuuza. Plaiwudi ina nguvu zaidi kufuata nyuzi za tabaka la juu, kwahiyo nyuzi zikatize mbao za chini, zisilale sambamba nazo. Mara nyingi nyuzi zinafuata urefu wa futi 8 ila sio zote, kuna zinazokwenda upande wa futi 4, chungulia kabla hujapanga.

Kama dari itapigwa plasta, fikiria mara mbili kuhusu filamu. Zege lililotoka kwenye filamu ni laini kama sahani, plasta haishiki mpaka uligongegonge lote, yaani umelipia ulaini halafu unalipia tena kuuharibu. Hapo plaiwudi isiyo na filamu yenye gundi ya finoli inatosha. Ikiwa mpya kabisa ipake uji wa saruji kwanza, iache ikauke, isugue, ndo uanze kuipaka mafuta ya kufanya zege libanduke, kwasababu mbao mbichi ina sukari inayochelewesha saruji kushika na uso wa zege unabaki unamwaga vumbi. Mafuta yapake membamba, kabla ya kupanga nondo sio baada, na oili chafu ya injini mi nimeacha, inaacha madoa na plasta inakataa kushika.

Ukikata ubao, ubavu mpya upake rangi siku hiyohiyo, maji yanaingilia pale kuliko usoni. Wakati wa kufungua mtarimbo usiuchomeke kwenye kona, tumia kabari ya mbao, na usiruhusu vijana waziangushe kutoka juu zijitue zenyewe, kona ikishavunjika kiungo kinavuja uji wa saruji na unapata zege lenye vitundu kama sega la nyuki. Zilaze bapa juu ya vibanzi, kivulini, sio kusimamishwa ukutani zikapinda. Zile zilizochoka mi nazikata vipande vya pembeni mwa slabu na vya ngazi, pale hata ikiwa na kovu hakuna anayeona.