Jibu: Kwa nini RAW inapauka sekunde chache baada ya kuifungua?

Mdogo wangu, umeuliza kwa nini RAW (faili zenye data ghafi ya kamera) ulizopiga kwenye mashindano ya mashua hapa Lamu zinafunguka na rangi zimekolea, kisha zinapauka zenyewe mbele ya macho yako, na JPEG zake (picha za kawaida ambazo kamera imekwisha kuzitengeneza) zimetulia tu. Kamera yako nzima, na kadi haina neno.

Ndani ya faili ya RAW, iwe NEF ya Nikon au CR3 ya Canon, kamera hupachika JPEG ambayo imeshatiwa rangi na ukali. Programu ya kutazamia picha huonyesha hiyo kwanza kwa kuwa iko tayari. Baadaye huichambua data ghafi yenyewe, na hapo haijui kamera yako ilichanganya vipi rangi. Kwa hiyo ile ya kwanza uliyoisifia haikuwa RAW hata kidogo.

Kwenye programu ya kutazamia ya FastStone, bonyeza F12 uende sehemu ya RAW. Utakuta njia tatu: JPEG ya ndani, nusu ya ukubwa, na ukubwa kamili. Ya kwanza ni nyepesi, nami huitumia kuchambua picha nyingi, kuona nani kafumba macho na tanga gani limekatwa na fremu. Ukubwa kamili utailemea laptopu ya zamani, basi uache kwa picha chache ulizokwisha kuzichagua.

Ila usihukumu weupe kwa JPEG ya ndani. Kanzu za Maulidi na kuta za chokaa jua la saa saba ndizo zinazotuponza sisi wa huku. JPEG ina ngazi 256 tu kwa kila rangi, RAW ya biti 14 ina 16,384. Kanzu inayoonekana imeungua, yaani nyeupe tupu, kwenye JPEG mara nyingi bado ina mikunjo yake kwenye RAW. Ifungue kamili kabla ya kuifuta, na kama programu yako inaongeza mwangaza yenyewe, zima hilo kwanza, maana litakudanganya.

Bahari ya Shela ikionekana imefifia kwenye JPEG pekee, huenda kamera iko Adobe RGB (mpangilio wa rangi pana zaidi) na programu haisomi wasifu wa rangi, yaani maelezo ndani ya faili ya namna ya kuonyesha rangi zake. Irudishe kamera kwenye sRGB, mpangilio wa kawaida; RAW haidhuriki.

Halafu angalia kama programu inazihesabu RAW na JPEG yake kuwa picha moja. Ikiwa ndivyo, ukifuta moja zinaweza kwenda zote mbili.