Seva "inamwasiliana" nani?

SWALI: Nafundisha kompyuta hapa Chumbageni, Tanga. Tukifika kwenye soketi, yaani mlango ambao programu hupitishia data mtandaoni, nisemeje kuhusu seva (programu inayohudumia) na mteja (programu inayoomba huduma): "seva inamwasiliana mteja" au "seva inawasiliana na mteja"? Na je, "mawasiliano ya pande mbili" ni Kiswahili fasaha au ni kurudia neno?

JIBU: Sema "seva inawasiliana na mteja", mwalimu. Hiyo "inamwasiliana" itupe jaani, tena mbele ya wanafunzi wako, waione inavyokwenda.

Maana kosa hilo limeenea mno. Kule Ngamiani, Barabara ya Kumi na Mbili, mlango wa ofisi moja umebandikwa tangazo: "Tumeshawawasiliana wateja wote kuhusu bei mpya." Kila nikilisoma damu inanichemka. Litazame neno lenyewe. Tu- ndio watenda. Ile -wa- ya katikati ni wateja, watendwa. Halafu mwishoni inakuja -ana, inayosema kwamba ofisi na wateja wametendana. Sasa wateja wamesimama wapi? Kitenzi cha kutendana hakibebi kiambishi cha mtendwa, basi. Hatusemi "nimempigana" wala "nimemgombana". Tunasema nimepigana naye, nimegombana naye. Mtoto wa Tanga ambaye hajaanza shule hakosei hapo. Mtu mzima mwenye mhuri mezani ameitoa wapi "nimemwasiliana"?

Na hilo ndilo kosa dogo. Kubwa ni kwamba hawakuwasiliana na mtu. Walituma meseji, nami niliipata, kwa namba isiyopokea majibu. Nikitaka kuuliza bei imepanda kwa nini, nimuulize nani? Huko ni kutuma. Ni kuarifu, ni kutangaza. Kiswahili kina vitenzi tele vya asemaye peke yake. Ofisi inayoviacha vyote ikachukua "kuwasiliana" inajivika sifa ya kusikiliza watu, na haikumsikiliza hata mmoja. Hapo neno linatumika kudanganya, nami sitalinyamazia.

Asili yake haina utata: wasili, kutoka Kiarabu, yaani fika. Ukiwasilisha umefikisha, mkiwasiliana mmefikiana.

Somo lako linaionyesha tofauti hiyo vizuri kuliko mifano ya vitabu vya sarufi. Kwa utaratibu wa soketi uliotoka na BSD 4.2, toleo la mfumo endeshi wa Unix, mwaka 1983, seva hufungua soketi, ikaifungamanisha na anwani na namba ya poti, yaani namba ya kutambulisha huduma kwenye kompyuta, tuseme 80 au 443 kwa tovuti, ikakaa kusikiliza. Mteja ndiye anayeanza. Kwenye TCP, kanuni ya kupeana data kwa uhakika mtandaoni, hupita jumbe tatu kabla ya neno lolote la maana: mteja anabisha hodi, seva inaitikia karibu, mteja anasema starehe. Seva haihesabu kuwa wameunganika mpaka hiyo ya tatu iifikie. Baada ya hapo kila upande unatuma na kupokea, hata kwa wakati mmoja, na data iliyofika hutolewa taarifa kwamba imepokewa. Huko ndiko kuwasiliana.

UDP, kanuni nyingine ya kutuma data, ya mwaka 1980, haina hodi. Kifurushi kinaachiwa njiani. Kikifika kimefika, kikipotea hakuna wa kukiulizia. Hapo wanafunzi waandike "mteja anatuma". Wasiandike hata "anawasilisha", kwa kuwa kufika hakuna dhamana. Jibu likirudi, kama DNS, huduma ya kutafuta anwani ya tovuti kwa jina lake, inavyolijibu swali la jina la tovuti, ndipo waseme wamewasiliana.

Hiyo "pande mbili" yako naikubali shingo upande. Ile -ana imeshazitaja pande zote mbili, na kwa mazungumzo ya kawaida yatosha kusema mawasiliano. Ila katika fani yenu kuna jambo linalodai jina. Kwa HTTP ya kawaida, kanuni ya kuomba na kutoa kurasa za tovuti, seva hungoja iulizwe ndipo ijibu. Kwa WebSocket, iliyowekewa kanuni mwaka 2011, njia hubaki wazi na seva yaweza kuanza kusema bila kuulizwa. Ukitaka kuzitenganisha hizo mbili, sema "mawasiliano ya pande mbili kwa wakati mmoja", nami sitakugombeza.

Lakini mwanafunzi akikuandikia "mawasiliano ya upande mmoja", mkate maksi.