Mwanamke na gitaa: maswali yenu kuhusu litografia

Shikamoo mwalimu. Shangazi ameniachia litografia ya mwanamke anayepiga gitaa. Mbona anapigia mkono wa kushoto? Mchoraji alikosea? (Sakina, Arusha)

Marahaba. Usimlaumu mchoraji bado. Tangu Alois Senefelder abuni litografia, yaani uchapaji wa picha kutoka kwenye jiwe, Munich, Ujerumani, miaka ya 1790, picha huchorwa kwa kalamu ya mafuta juu ya jiwe la chokaa. Jiwe hulowanishwa, kisha hupakwa wino: wino hushika palipo na mafuta na kukataa penye maji. Karatasi ikigandamizwa hapo, picha hutoka imegeuka, kulia kuwa kushoto. Tazama sahihi iliyochapwa ndani ya picha. Ikisomeka kinyumenyume, jibu umelipata. Ikisomeka sawasawa, huenda mama huyo alikuwa wa mashoto kweli.

Nitajuaje kama si kopi ya mashine? (Moshi mjini)

Azima lenzi ya fundi saa, uangalie kivuli chini ya kidevu. Vidoti vilivyojipanga safu kwa safu ni vya mashine. Chembechembe zisizo na mpangilio, kama chaki iliyopita juu ya jiwe lenye mikwaruzo, ni dalili njema. Ukiona 14/75 kwa penseli pembeni, maana yake ni nakala namba 14 kati ya 75. Kukosekana kwake si tatizo, kwani picha nyingi za zamani hazikuandikwa namba.

Mimi naona mwanamke na gitaa tu. Nitazame nini? (Usa River)

Anza na vidole, si uso. Katika picha nyingi za namna hii ala ni pambo: mkono umelazwa juu ya nyuzi, haubonyezi chochote. Mchoraji anayejua muziki huonyesha ncha ya kidole ilivyobonyea, kifundo kilivyopinda, na shingo ilivyoinamia sauti. Halafu nenda kwenye tundu la gitaa. Weusi ule mzito ni kalamu iliyokandamizwa kwa nguvu, na nyuzi nyeupe zinazolikatiza mara nyingi zimekwanguliwa jiweni kwa ncha ya kisu. Mkono ukiteleza hapo, kurekebisha ni kazi ngumu. Mimi huweza kukaa hapo muda mrefu kuliko kwenye macho yake.

Tuitundike wapi? (Majengo, Moshi)

Mbali na jua la dirishani na ukuta unaovuta unyevu wakati wa masika. Mwambie fundi fremu aweke kartoni isiyo na asidi, ili karatasi isigusane na kioo.