Kolimeta: kwa nini kompyuta inataka kuziba matundu?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nasoma uhandisi hapa Mbeya. Mradi wangu ni programu ya kutafuta kolimeta bora, yaani bamba la matundu linalokaa mbele ya kamera ya gama, ile inayopiga picha za dawa yenye mionzi iliyo mwilini; dawa yangu ni teknishiamu-99m. Nimeiagiza itafute picha kali kuliko zote, lakini kila nikiiendesha inapunguza upana wa matundu mpaka yanakaribia kuzibika. Nimekosea wapi?

JIBU: Marahaba. Programu imefanya ulichoituma. Umeidai ukali tu; fotoni, yaani chembe za miale ya gama zinazochora picha, hukuidai.

Huko Nyanda za Juu mianzi haikosekani. Chukua pingili, itoboe pande zote mbili, uchungulie Mlima Loleza. Iliyo ndefu na nyembamba inakupa kipande kidogo cha mlima, na mwanga hafifu. Fupi na pana inakupa mlima mwingi kwa mpigo, basi huwezi kusema mwanga huu umetoka wapi hasa. Kolimeta ni maelfu ya pingili hizo, za madini ya risasi, zimepangwa kama sega la nyuki. Ile ya kawaida ya teknishiamu inapitisha fotoni moja au mbili tu katika kila 10,000.

Tupige hesabu. Tundu milimita 1.5, urefu 24, ukuta 0.15. Kwa kuwa fotoni hupenya kidogo kwenye ncha za kuta, urefu wa kweli hesabu 23.3. Jumlisha urefu huo na umbali wa kiungo, gawa kwa urefu, zidisha kwa upana wa tundu: kiungo kikiwa sentimita 10 mbali, ukungu wa picha ni milimita 7.9. Punguza tundu hadi 1.1 na ukungu unashuka hadi 5.8. Safi, ila ukuta ukibaki vilevile, fotoni zimepungua kwa nusu. Mgonjwa aliyelala dakika 20 sasa alale 40, na mtu mwenye maumivu ya mgongo hatulii dakika 40. Akijigeuza, ukali ulioununua umekwenda.

Kwa hiyo geuza swali. Ipe programu kikomo cha ukungu kwenye umbali wa kiungo unachokitaka, kisha iache itafute fotoni nyingi iwezekanavyo. Ongeza na sharti la kuta: fotoni zinazopenya kuta zisizidi asilimia 5. Bila hilo itazikondesha kuta mpaka ziwe karatasi.

Halafu usisahau umbali. Kolimeta ileile ya tundu 1.5, ukiisogeza hadi sentimita 5, inakupa milimita 4.7, na unyeti wake, yaani wingi wa fotoni inazopitisha, haubadiliki. Mafundi wengi wanahangaika na matundu wakati kamera imeachwa mbali na kifua cha mgonjwa.

Jambo moja ambalo hukuuliza. Rovu, uvimbe wa tezi ya shingo, si geni huko kwenu, na siku moja utaambiwa upime tezi hiyo kwa iodini-131, iodini yenye mionzi. Nishati ya fotoni zake ni keV 364, ya zile za teknishiamu ni 140. Niliwahi kuletewa picha ya shingo iliyopigwa kwa kolimeta ya teknishiamu: katikati weupe mtupu, na miale sita imechomoza kama nyota. Mwenzangu alidhani kamera imeharibika. Kumbe fotoni zilikuwa zinapita kwenye kuta, upande ambao risasi ni nyembamba zaidi kati ya tundu na tundu. Kwa iodini hiyo, tundu likiwa la milimita 4 na urefu wa 60, ukuta unatakiwa uwe milimita 1.5 hivi, mara kumi ya ule wa hesabu yetu ya teknishiamu.