Kidonge cha dharura kwa anayemeza vidonge vya majira

Daktari, mimi humeza vidonge vya majira kila usiku bila kukosa, lakini mume wangu hujawa na wasiwasi na hunitaka nimeze pia kidonge cha dharura, kile ambacho wengi hukiita P2, kila baada ya tendo la ndoa. Je, kinga inaongezeka?

Haiongezeki. Vidonge vya majira vyenye homoni mbili huzuia yai kupevuka, na kidonge cha dharura nacho hufanya kazi hasa kwa kulichelewesha yai lisitoke. Kwa hiyo unajaribu kulizuia yai ambalo tayari limezuiwa. Utakachopata ni kichefuchefu, maumivu ya kichwa, na matone ya damu yatakayokufanya usijue tena hedhi yako imeanza lini. Kama mumeo anataka ulinzi wa ziada, avae kondomu, ambayo pia hukinga magonjwa ya zinaa, jambo ambalo hakuna kidonge chochote kati ya hivi kinachoweza kulifanya.

Nilianza pakiti mpya Ijumaa. Kidonge cha Jumatatu na cha Jumanne nimevisahau, na Jumatatu usiku nilikuwa na mwenzangu bila kondomu. Leo ni Jumatano jioni. Nimeze cha dharura? Na nikimeza, pakiti niitupe?

Kimeze leo, na pakiti usiitupe. Itazame: matundu ya Ijumaa, Jumamosi na Jumapili yako wazi, yanayofuata mawili bado yana vidonge. Kabla ya Ijumaa ulikuwa umekaa takriban siku saba bila homoni, kwa kuwa ndivyo pakiti zilivyopangwa, na vidonge vitatu havitoshi kuituliza tena ovari, yaani kiwanda cha mayai, iliyokwisha kuanza kuamka. Ndiyo maana kusahau vidonge viwili katika wiki ya kwanza kuna hatari kubwa kuliko kuvisahau katikati ya pakiti, ingawa watu wengi hudhani kwamba mwanzoni mwa pakiti, hedhi ikiwa ndiyo kwanza imekwisha, hakuna cha kuogopa.

Meza miligramu 1.5 za levonojestreli, yaani dawa iliyomo katika P2, kwa mara moja. Ikiwa ulichopewa ni vidonge viwili vya miligramu 0.75, vimeze vyote pamoja. Dawa hii hutumika ndani ya saa 72, lakini kila saa inayopita huipunguzia nguvu, kwa hiyo usingoje kesho. Ukitapika kabla ya saa mbili kupita, rudia dozi. Kisha, leo hii hii, meza kidonge cha Jumanne, na saa yako ya kawaida ikifika meza cha Jumatano, hata kama ni viwili kwa siku moja. Cha Jumatatu kiache. Tumia kondomu mpaka utimize siku saba mfululizo za kumeza bila kukosa, kwa sababu kidonge cha dharura hushughulikia tendo lililokwisha kupita na hakikulindi dhidi ya la kesho.

Lau ungekuwa umesahau kimoja tu, ungekimeza ulipokumbuka na kuendelea, bila dharura yoyote. Na vidonge viwili vikisahaulika katika wiki ya tatu, maliza vyenye homoni vilivyobaki kisha uanze pakiti mpya moja kwa moja, bila mapumziko.

Nimeruka vidonge vitatu vya kahawia vya mwisho wa pakiti. Je, nahitaji cha dharura?

Hapana. Hivyo havina homoni. Hakikisha tu kwamba pakiti mpya unaianza siku yake, kwa sababu kuchelewa hapo ndiko kunakoleta mimba.

Muuzaji wa dawa ananiambia kuna aina mbili za kidonge cha dharura, levonojestreli na ulipristali, na kwamba ya pili ni bora. Kweli?

Kwa mwanamke asiyetumia homoni yoyote, anaweza kuwa sahihi: ulipristali hutumika hadi siku ya tano, na haipungui nguvu haraka kama levonojestreli. Kwako wewe unayemeza vidonge vya majira, jibu hugeuka, kwa sababu ulipristali huzuia homoni ile ile iliyomo katika vidonge vyako, na dawa hizo mbili huvutana. Ukiitumia, utalazimika kusubiri siku tano kabla ya kurudi kwenye vidonge vyako, kisha uongeze siku saba za kondomu. Kwa kawaida mimi humshauri mtu wa aina yako achague levonojestreli na kuendelea na pakiti siku hiyo hiyo. Ikiwa siku tatu zimekwisha kupita, au una uzito mkubwa unaoipunguzia levonojestreli nguvu, ulizia kitanzi cha shaba, kifaa kidogo kinachowekwa ndani ya mfuko wa uzazi: kikiwekwa ndani ya siku tano hukinga kuliko kidonge chochote, na kinaweza kubaki kama njia yako ya kudumu kwa miaka.

Natumia dawa za kifua kikuu. Je, kidonge cha dharura kitafanya kazi?

Rifampisini, moja ya dawa za kifua kikuu, hulifanya ini livunje homoni upesi, hivyo dozi ya kawaida haitoshi, na vidonge vyako vya majira navyo vimedhoofika. Kitanzi cha shaba hakiguswi na jambo hilo. Kisipopatikana, mtoa huduma anaweza kukupa dozi maradufu ya levonojestreli. Baadhi ya dawa za kifafa na za VVU hufanya vivyo hivyo. Zitaje kabla hujauziwa chochote.

Nilimeza cha dharura, na hedhi imechelewa siku nne. Niache vidonge vya majira?

Usiache. Hedhi huweza kuwahi au kuchelewa kwa siku kadhaa baada ya dozi hiyo. Ikichelewa zaidi ya wiki moja, au wiki tatu zikitimia tangu tendo lile nawe bado una shaka, pima mkojo. Hata kipimo kikionyesha mimba, levonojestreli uliyomeza haitakuwa imeiharibu wala kumdhuru mtoto.