CT ya valvu za moyo: kwa mnaoanza

Wadau mnaohamia CT ya moyo (picha za eksirei za kompyuta), hasa mliozoea vichwa na matumbo, kabla hujagusa mashine soma fomu ujue dokta anauliza nini. Eko (ultrasaundi ya moyo) bado ndo inatangulia, inaonyesha damu inavyopita na valvu inavuja kiasi gani, na huku kwetu ambako valvu nyingi za mitro (ile ya kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo) zimeharibiwa na homa ya baridi yabisi ya utotoni, eko mara nyingi inamaliza kazi.

CT inaitwa pale eko inapojichanganya. Mfano mzee valvu yake ya aota (mshipa mkuu unaotoka moyoni) inaonekana imebana kabisa lakini gradienti (tofauti ya presha kabla na baada ya valvu) iko chini kwa sababu moyo wenyewe hausukumi vizuri, hapo ndo mnahesabu kalsiamu iliyojijenga kwenye valvu, bila kontrasti (dawa ya kung'arisha mishipa), skani ikifuata ECG (mapigo ya umeme ya moyo), slaisi za mm 3. Skoo ikifika 2000 kwa mwanaume au 1200 kwa mwanamke, uwezekano ni mkubwa kwamba imebana vibaya (ya wanawake iko chini kwa sababu valvu zao hukakamaa kwa nyuzi zaidi kuliko kalsiamu). Ila usiiachie programu iokote kila kinachong'aa, toa ya koronari (mishipa inayolisha moyo wenyewe) na ya ukuta wa aota.

Kazi yenyewe iko kwenye TAVI, kuweka valvu mpya bila kufungua kifua, ile aliyoianza Alain Cribier pale Rouen, Ufaransa, 2002. Hapa saizi ya valvu inatoka kwenye anulasi (pete ya chini ambapo valvu inakaa) utakayopima wewe. Usipime kwenye picha za kawaida za kukata mtu mlalo, maana aota imeinama. Zungusha pleni (mkato wa picha) mpaka zile sehemu tatu za chini kabisa, pale kila jani la valvu linaposhika ukuta, zitokee kwa pamoja ukiwa unapanda na kushuka taratibu, ikitangulia moja ujue bado umeinama, rudia. Halafu anulasi ni ya yai sio duara, kwa hiyo chukua eneo na mzingo, na uchukue kwenye sistoli (moyo unaposukuma damu) maana hapo mara nyingi ndo inakuwa kubwa. Pima pia kimo cha koronari kutoka anulasi, ikiwa chini ya mm 10 mpigie dokta usisubiri ripoti.

Dawa sasa. Kwenye CT ya koronari tumezoea kumpa mtu nitrogliserini na kidonge cha kupunguza mapigo, lakini mwenye aota iliyobana sana presha inaweza kudondoka ghafla, usimpe kwa mazoea. Kriatinini (kipimo cha figo) nayo iangaliwe kabla ya kontrasti, wengi ni wazee wenye figo zilizochoka.

Akija mwenye valvu ya kupandikizwa, ya tishu, skani mzunguko wote wa pigo, na kwenye dayastoli (moyo unapolegea kujaza damu) tafuta weusi mzito kwenye shina la jani, huo mara nyingi ni damu iliyoganda na dokta atataka kujua leo.