Je, Makubaliano Hufanya Kauli Iwe Kweli?

Swali: Ndugu Mhariri, wavuvi wote wa Mwaloni Kirumba wakikubaliana kwamba ziwa limetulia, je, makubaliano hayo yanatosha kuifanya kauli yao iwe kweli? – Msomaji, Mwanza

Jibu: Ndugu msomaji, hayatoshi. Tangu Aristotle, wanafalsafa wengi wameshikilia kwamba kauli huwa kweli inapoeleza mambo kama yalivyo; na mwaka 1933 Alfred Tarski, mwanamantiki wa Poland, alilieleza jambo hilo kwa usahihi zaidi: sentensi "Ziwa limetulia" ni kweli ikiwa, na ikiwa tu, ziwa limetulia. Wapo wanaotetea upatanifu, yaani kauli kuafikiana na imani nyingine tulizo nazo, na hoja yao naiheshimu, kwani hata mvuvi hupima habari mpya kwa anayoyajua tayari. Hata hivyo, imani zinazopatana vizuri zinaweza kuwa potofu zote kwa pamoja.